Mke wa Kivuli Hakusema Kitu

"Hivi wewe," jirani wa chumba cha mbele aliwahi kumuuliza Fundi, "mwanamume akiongea ukutani kwako mchana kutwa, hiyo mishono unainyoosha vipi?"

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni, kwa hiyo hakujibu. Jirani akauchukua ukimya ule kuwa ndilo jibu lenyewe, akaenda zake na ndoo yake akicheka mpaka bombani.

Ukweli ni kwamba mishono ilikuwa inapinda. Ukuta wa chumba chake cha kushonea ndio uliokuwa ukuta wa ukumbi wa picha. Upande huu kulikuwa na cherehani, meza ya kupigia pasi na magauni ya watu yaliyotundikwa kwenye misumari. Upande wa pili kulikuwa na mabenchi, viti vya plastiki, na mtu mmoja mwenye maikrofoni ambaye kazi yake ilikuwa kuwaeleza watazamaji kwa Kiswahili picha zilizotengenezwa kwa lugha za mbali. Aliwasemea wote: mfalme, mwizi, bibi kizee, hata mbwa. Watu walimwita Sauti. Mwaka mzima Fundi alimsikia bila kumwona, na kichwani mwake akamtengenezea mabega mapana na kimo cha mlango. Siku alipomwona, mtu mfupi wa miwani, shati limekatika kifungo, alicheka mbele yake bila adabu. Halafu akaona haya, akamshonea kifungo. Yakaanzia hapo.

Sasa ilikuwa Jumapili, na jibu lilikuwa linadaiwa. Wiki tatu nyuma Sauti alimwambia wazi kwamba anataka kumwoa. Fundi alimwomba asubiri. Alikuwa mjane wa mwaka wa nne, anakaa na wifi yake, dada wa marehemu, katika nyumba ya vyumba viwili. Hakutaka kuondoka katika nyumba ile kama mwizi.

"Nitamleta wifi akuone ukiwa kazini," alimwambia. "Picha ikiisha nitakujibu hapohapo ukumbini. Sitakuzungusha."

"Hapohapo?"

"Hapohapo."

Mchana ule wifi alikuwa anajifunga kitambaa mbele ya kioo, polepole, kama anayejitayarisha kwenda kutoa ushahidi. Alikuwa mfuaji wa shuka za hospitali, na vidole vyake vilikuwa vyeupe kwenye ncha kwa dawa.

"Kwa hiyo leo ndiyo napelekwa kukagua mchumba," alisema.

"Unapelekwa kuangalia picha, wifi."

"Picha gani?"

"Katuni."

"Katuni! Mimi na magoti yangu haya?"

"Si ya watoto. Wanasema watu wazima wanalia."

"Kulia nalia hapahapa nyumbani, tena nikiwa nimekaa vizuri." Alikaza fundo la kitambaa. "Mimi yule mtu sina neno naye, usije ukasema nilikuwekea mguu. Ila mwanamume anayejua kulia kwa sauti ya mwanamke na kucheka kwa sauti ya mtoto, siku akilia kilio chake mwenyewe utakijuaje?"

"Nitakijua."

"Haya."

Walitoka. Njiani hawakusema mengi. Walikuwa wamezoea kutembea hivyo, wawili, kila mmoja akijua mahali mwenzake atakapopumzisha mguu. Wamekaa pamoja tangu marehemu alipoanza kulala kitandani kwa ugonjwa, na alilala miezi kumi na moja. Siku ya tatu baada ya mazishi wifi alimuuliza mara moja tu: "Mlisema nini mwisho?" Fundi akamjibu, "Alilala tu. Hatukusema kitu." Wifi akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuosha sufuria, wala hakulirudia swali lile tena.

Haikuwa kweli. Ile kweli Fundi alikuwa amemweleza mtu mmoja tu chini ya jua. Ilikuwa alasiri moja umeme umekatika, hakuna picha, Sauti amekuja kukaa kwenye kigoda karibu na cherehani. Fundi akamwambia mambo ya alfajiri ile. Mumewe alikuwa amemshika kifundo cha mkono, kama kila siku, hataki amwache akalale. Na yeye akamwambia: Nenda basi. Nimekugeuza huku na huku miezi kumi na moja, mikono yangu imekwisha. Nenda, nimechoka. Mgonjwa akamtazama, akalegeza vidole kimojakimoja. Jua lilipotoka alikuwa ameshakwenda.

Fundi alikuwa akiyapeleka maneno hayo mbele ya Mungu kila asubuhi, akipiga magoti kando ya kitanda kilekile, na kila asubuhi akirudi nayo. Siku alipomwambia Sauti, Sauti hakusema pole, hakusema usijali, hakusema chochote. Alisikiliza mpaka mwisho, miwani mkononi, macho yamelowa. Ndiyo siku Fundi aliyompenda. Kabla ya hapo alikuwa anampendelea tu.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Madirisha yamefunikwa kwa mablanketi, feni moja inazunguka kwa kusitasita. Mzee mwenye ukumbi aliwapa viti viwili vya mbele, akavifuta kwa kofia yake. Sauti alikuwa kwenye meza yake ya pembeni, taa ndogo imemwangaza kidevu. Alipomwona Fundi aligusa kifungo cha shati, kile cha kushonewa. Fundi akashusha macho, moyo ukimwenda mbio kama msichana, na hapohapo akachoka kwa kuona haya. Umri wenyewe arobaini na tatu.

Katuni ilianza. Ilikuwa ya mji mmoja uliokimbiwa na jua. Nyumba zake nyembamba, ndefu, zimeinamiana kama watu wanaosengenya. Humo aliishi msichana mtengeneza mishumaa, macho makubwa kama visosi, shingo kama ya ndege. Mume wake amekufa, amezikwa, lakini kivuli chake kimekataa kaburi, kimerudi nyumbani. Kivuli kinaonekana tu mshumaa unapowaka, na mshumaa wenyewe unataka utambi wa nywele za mke. Kwa hiyo kila jioni anakata shungi moja, anawasha, wanakaa wawili, wanacheza dansi ukutani. Nywele zinapungua. Majirani wanamcheka. Mama yake anamwambia aolewe na mwokaji mikate, aachane na kivuli.

"Mama anaongea maana," wifi alinong'ona.

"Shhh!" alisema mtu nyuma.

"Naye anyamaze, huyo hajawahi kuoza binti."

Sauti alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Alimpa mama wa katuni sauti ya wale akina mama wanaogombana huku wanapepeta mchele. Akampa mwokaji mikate kigugumizi mpaka watu wakashika mbavu. Wifi alicheka. Fundi alimwona kwa pembe ya jicho, mkono mdomoni, mabega yanatikisika, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mambo yanakwenda, alijisemea. Yanakwenda.

Mama mmoja mwenye watoto watatu alisimama katikati. "Mmesema katuni!" alifoka. "Nimeleta watoto, naona makaburi! Atakayelala nao leo nani?"

"Wewe toka, sisi tunaangalia," muuza nyama alimjibu kutoka benchi la nyuma.

"Mama, mimi sitaki kutoka," mtoto mmoja alisema, ukumbi mzima ukacheka, na mama yule akakaa.

Kisha kikaja kipande cha mwisho. Kichwa cha msichana kimebaki na shungi moja. Anausuka utambi wa mwisho, anauwasha, anakaa sakafuni kuuelekea ukuta. Kivuli kinakaa kuuelekea yeye. Hakuna aliyefungua mdomo. Muziki nao ukakatika. Walitazamana tu, nta inadondoka, sekunde zinakwenda, dakika ya kwanza ikapita, na katika ukumbi watu wakaanza kukohoa na kusogeza viti.

"Sauti, umelala?" mmoja aliuliza.

Na Sauti akaivuta maikrofoni karibu. Akazungumza kwa sauti ya mwanamke, ya chini, iliyochakaa. Hakuigiza.

"Nenda basi," alisema. "Nimekugeuza huku na huku miezi kumi na moja, mikono yangu imekwisha. Nenda, nimechoka."

Mdomo wa msichana wa katuni ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyejali. Mwanamke mmoja nyuma alitoa kilio kifupi kama aliyekanyaga msumari, na kile kilio kikawaruhusu wengine. Walilia. Msichana akainama, akauzima mshumaa kwa pumzi yake, skrini ikawa nyeusi, na ukumbi mzima ulikuwa unapenga kamasi.

Fundi hakulia. Alikuwa anayasikia masikio yake mwenyewe. Pembeni yake wifi alikuwa ameacha kucheka, ameacha hata kupumua kwa sauti. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu.

Mablanketi yakafunuliwa, mwanga wa alasiri ukaingia na vumbi lake. Watu hawakutoka haraka. Walibaki wanabishana.

"Hakumpenda," msichana mmoja wa kundi la marafiki alisema. "Ukimpenda mtu humwambii nenda."

"Angekaa naye mpaka lini, mpaka awe kipara?"

"Kipara si kitu, nywele zinaota!"

"Mimi mke wangu angeniambia hivyo, ningerudi kumkaba," muuza nyama alisema, macho mekundu.

"Mbona unalia basi?"

"Feni hiyo, ina vumbi."

Wakacheka. Wakaanza kutoka wawili wawili, na mlangoni kijana mmoja akaegemeza kichwa kwenye bega la mchumba wake, akamwambia kwa sauti ya kuiga, "Nenda basi, nimechoka," na mchumba wake akampiga kofi la mchezo mgongoni. Fundi aliyasikia maneno yake yakivuka kizingiti, yakienda barabarani na watu asiowajua.

Wakabaki watatu. Mzee mwenye ukumbi alikuwa nje anazungumza na watu. Sauti alikuja, jasho kwenye paji la uso, anatabasamu kwa woga.

"Wifi, karibu sana," alisema. "Umeionaje?"

Wifi alimgeukia.

"Kivuli," alisema, "kinageuzwaje huku na huku?"

"Samahani?"

"Nauliza tu, mimi sikusoma sana. Kivuli hakina mgongo. Hakina vidonda vya kulalia. Anayegeuzwa huku na huku ni mgonjwa. Na hiyo miezi kumi na moja, kwenye katuni sikuiona. Nani kamhesabia?"

Sauti alifungua mdomo. Mara ya kwanza tangu Fundi amjue, hakikutoka kitu. Akamgeukia Fundi, na rangi ya uso wake ikawa ya mtu aliyegundua kwamba ametoka nyumbani bila kufunga mlango.

"Sikukusudia," alisema. "Nakuapia. Picha ilikuwa kimya. Dakika nne kimya, Fundi! Kazi yangu hii, kimya kikipita nusu dakika watu wanadhani nimesahau, wanaanza kupiga kelele. Mchana wa kwanza niliwaambia anamwimbia wimbo, hawakuguswa. Leo nilitafuta neno, na neno likaja lile. Sikuwahi kusikia neno kama lile kwenye picha yoyote. Tangu siku ile uliponiambia linanikaa hapa."

"Siku ile nilipokuwa nakuambia," Fundi aliuliza taratibu, "ulikuwa unanisikiliza, au ulikuwa unajifunza?"

"Nilikuwa nakusikiliza!"

"Sawa."

"Usiseme sawa kwa sauti hiyo."

"Sina nyingine, Sauti. Wewe ndiye mwenye nyingi."

Akamgeukia wifi.

"Wifi, nilikudanganya. Uliponiuliza, nilikwambia hatukusema kitu. Nilisema. Nilimwambia kaka yako aende. Kwa maneno yaleyale."

"Najua," wifi alisema.

Nje mtu alicheka, pikipiki ikapita.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa mlangoni na beseni la maji ya kumwoshea. Nilikusikia. Nikarudi jikoni nayo, nikasubiri yapoe, nikayachemsha tena." Alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa, si machozi, uchovu tu. "Kumwambia aende, hata mimi nilikuwa nataka kumwambia, nilikosa moyo. Ulinifanyia na mimi. Hilo sikukuwekea kinyongo hata siku moja."

"Wifi..."

"Ngoja nimalize. Nilikuuliza ili unipe nafasi nikwambie hivyo. Ukasema hamkusema kitu. Nikajisemea, bado mbichi, atasema mwenyewe. Miaka minne, mtu tunalala ukuta mmoja, tunakula sahani moja, nangoja uniambie. Kumbe umeshasema. Umemwambia mtu wa picha."

Fundi alinyoosha mkono, akaushika ule wa wifi, mkavu, wenye ncha nyeupe. Wifi hakuuondoa, lakini hakuukaza.

"Anachotaka kusema wifi yako," Sauti alianza kwa upole, "ni kwamba ameumia kwa sababu anakupenda. Na wewe ulinyamaza kwa sababu ulikuwa unaogopa utampo..."

"Wewe," wifi alisema. "Mimi nasema Kiswahili."

Akainuka, akanyoosha gauni. "Nitakungoja kwenye kona pale, kwenye duka la vitambaa. Mjibu mwenzio. Ulimwahidi hapohapo, basi mjibu. Usiniangalie mimi. Ukiolewa utaolewa, ukirudi mlango haufungwi." Akatoka akiburuta mguu mmoja kidogo, kama afanyavyo siku za Jumapili baada ya wiki nzima ya kusimama kwenye maji.

Wakabaki wawili. Sauti alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yao karibu kugusana. Alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa mdogo na wa kweli, uso ule wa siku ya umeme kukatika, na Fundi aliutazama kwa njaa aliyodhani imeshakufa ndani yake. Angeweza kukizungusha kiganja chake kwenye shavu lile. Alijua hata joto lake lingekuwaje.

"Nisamehe," Sauti alisema.

"Nimekusamehe. Ningekuwa na nguvu ningekununia mwezi mzima, lakini sina."

"Kesho nitaanza upya kile kipande. Nitawaambia anaomba dua. Nitawaambia chochote."

"Kwa nini usiwaache wamtazame tu? Ameshawaambia kwa macho."

"Watazomea."

"Wakizomea itakuwaje?"

Akatafakari, akatikisa kichwa, kweli hakujua. "Na mimi?" aliuliza. "Jibu langu liko wapi?"

Fundi alivuta pumzi. Alikuwa amechoka kuamka peke yake, amechoka kuwa mtu anayeonewa huruma dukani na kanisani, amechoka kusikiliza mapenzi ya watu wengine kupitia matofali. Mtu huyu amekosea, lakini ni mtu mwema. Nani asiyekosea? Ndani yake jibu lilikuwa linapanda polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kisima baada ya kuchotwa sana. Lilihitaji muda tu lifike juu.

"Nikuombe kitu kimoja," alisema. "Kaa kimya kidogo. Nitakujibu mwenyewe, kwa mdomo wangu. Wewe ningoje tu."

"Nitakungoja."

"Usiseme chochote."

Akaitikia kwa kichwa. Akaweka mikono magotini.

Fundi akamtazama, naye akamtazama. Feni ilikuwa inasitasita juu yao. Nje sauti za watu zilipungua, mlango wa jirani ukafungwa. Fundi alisikia jibu limefika shingoni, likikwama kidogo penye lile jeraha la miaka minne, likijisukuma. Midomo yake ikalegea. Bado kidogo. Kidogo tu.

Aliona goti la Sauti likianza kutikisika. Macho yake yakakimbia kwenye skrini tupu, yakarudi.

"Najua," Sauti alisema, haraka, kwa sauti laini ya mwanamke, sauti ya Fundi mwenyewe, "unataka kuniambia, 'Nakupenda, nitaolewa na wewe, ila naogopa watu watasema nini.'"

Ilikuwa hivyohivyo. Hakukosea hata neno.

Fundi alifunga mdomo. Akaokota mkoba wake chini ya kiti, akaukung'uta vumbi, akautia begani. Sauti alikwisha kujiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, amechelewa, macho yamemtoka. Fundi akakitazama kiganja kile juu ya mdomo ule kwa muda, bila hasira, kama anayetazama nguo ya mteja iliyoungua pasi. Kisha akapita kati ya mabenchi mpaka mlangoni, akatoka.